Nyayo za Sungura Juu ya Msala

Jirani yangu wa nyuma hufuga sungura wa kuuza. Juzi mvua ilimwangushia paa la banda, nikaenda kumsaidia kuwahamisha. Nilipomkumbatia mmoja aliyelowa, harufu ilinipanda puani: manyoya mabichi, mkojo, majani yaliyoanza kuchacha. Mara nikamsukumia jirani kifuani.

"Amekuuma?" jirani akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Mtu wa umri wangu atasemaje kwamba ameogopa sungura? Wala si sungura niliyemwogopa. Niliogopa nyayo zake.

Tulikuwa tukikaa Mtongwe, mimi, baba, mama, na nyanya aliyemzaa mama, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Udongo wa ua wetu ulikuwa mwekundu, wa kushika. Ulishika nguo, ulishika kuta, ulishika kisigino cha kila aliyepita. Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande wa Likoni. Siku zile wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku. Uhuru ulizungumzwa kila baraza, na watu wazima walipouzungumza walishusha sauti tukipita sisi watoto, kwa hiyo mimi nilidhani uhuru ni jambo la kutisha, kama msiba.

Jioni moja baba alirudi na tenga la kuku lililofunikwa gunia.

"Nimewaletea mgeni," alisema.

"Mgeni asiyebisha hodi," nyanya akajibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Kama ni kuku wa kizungu, jiko liko huko."

Baba akafunua gunia. Ndani alikuwamo sungura mweupe pepe, mweupe mpaka masikio yalipitisha mwanga, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilirudi nyuma nikajificha mgongoni kwa nyanya. Baba akaeleza kwamba mtoto wa yule mzungu alikuwa akisafiri na wazazi wake kwa meli, na melini sungura hapokelewi. Mtoto alilia mpaka alipoahidiwa kwamba sungura wake atakwenda kwa msichana mwenziwe, ambaye atamtunza vizuri. Msichana huyo nilikuwa mimi, ambaye sikuulizwa.

"Mbona macho yana damu?" nyanya akauliza.

"Ndivyo alivyoumbwa, mama."

"Haya. Na analiwa?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Mama alikuwa amelala chumba cha ndani. Alikuwa na kifua. Alikuwa akikohoa kwa muda mrefu, na kila alipomaliza alikikunja kitambaa chake upesi ili nisione kilichomo, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Akaomba aletewe mgeni. Baba akamweka sungura juu ya shuka, na mama akampitishia kidole kimoja katikati ya masikio, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

"Maskini, safi hivi," alisema. "Usimwache achafuke, mwanangu."

Sasa najua lilikuwa neno la kusema tu, neno ambalo mgonjwa humwambia mtoto ili ampe kazi, asisimame bure kando ya kitanda. Mimi nililipokea kama amri.

Jina lilitushinda. Nilitaka kumwita Kafuri, kwa weupe wake. Nyanya aliposikia akaacha ufagio chini.

"Kafuri ni ya kumpaka maiti. Humu ndani mna mgonjwa. Tafuta jina jingine."

"Basi Pamba."

"Pamba nayo tunamtilia nani puani? Leo kafuri, kesho pamba, kesho kutwa utamwita Sanda! Mwite sungura, mke mwenzangu. Jina lake si baya."

Basi akabaki sungura. Lakini yale majina mawili yalikuwa yamekwisha kunitoka mdomoni, na usiku nililala nikiyasikia. Haukupita muda mrefu, mama akazidiwa. Wanaume walimkalisha kwenye kiti wakambeba mpaka gatini, akavushwa kwenda hospitali kisiwani. Mimi nilibaki mlangoni na tenga. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodi ile, na kwa sababu nilikuwa mtoto wa haya, asiyeuliza kitu, hakuna aliyenieleza ni kwa nini.

Kilichobaki mkononi mwangu ni ile amri. Siku ya kwanza nilijaza beseni maji ya kisima, nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikamtia sungura ndani. Alipiga mateke mpaka maji yakanirukia usoni. Nilimkaza. Kisha ghafla akaacha. Alilegea mikononi, kichwa kikaning'inia, macho wazi. Ni nyanya aliyenikuta nimesimama hivyo, akamnyakua, akamzungushia leso yake, akamsugua kifuani kwa viganja kama anayewasha moto, akimsomea huku akinigombeza.

"Huyu ni mtoto mchanga, umwogeshe? Manyoya yakilowa mpaka kwenye ngozi, baridi inamwingia, anakufa kwa hofu kabla ya hiyo baridi!"

Baada ya muda mrefu pua yake ilianza tena kuchezacheza. Mimi sikuweza kula siku ile. Nilikuwa nimejifunza kwamba kitu kinaweza kufa mikononi mwako wakati unakisafisha.

Baba ndiye aliyenionyesha njia ya yule mtoto wa kizungu, ambaye alikuwa akimpaka sungura poda na kumchana. Sisi poda hatukuwa nayo, tukatumia unga mkavu wa muhogo. Niliunyunyiza juu ya manyoya, nikausugua kwa ncha za vidole mpaka ukainyonya taka, kisha nikauondoa kwa kipande laini cha kumbi la nazi, kila mara nikifuata manyoya yanakolala, kamwe si kinyume. Mgongo ulikuwa rahisi. Tabu ilikuwa miguu. Nyayo za sungura hazina ngozi tupu kama za paka. Zimejaa manyoya mazito, na manyoya hayo hunyonya kila kinachokanyagwa. Kwa hiyo nilimbadilishia nyasi kavu asubuhi na jioni, nikazifuta nyayo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, nikazikausha kwa kingine, nikazipulizia mpaka manyoya yakasimama. Sungura aliikubali kazi hiyo. Alilala chali mapajani mwangu, ametulia, na moyo wake ulidunda haraka kuliko wangu.

Siku moja nikakuta nyayo za nyuma ni nyekundu.

Si wekundu wa udongo, huo niliujua. Huu ulikuwa wekundu wa maji, kama wa kile kitambaa cha mama. Nilizifuta. Kesho yake ukarudi. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoambiwa kwamba sungura akila majani ya namna fulani mkojo wake hugeuka rangi, na sisi tulikuwa tukimlisha mchicha. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba ugonjwa wa mama umemwingia. Sikumwambia mtu. Nilidhani nikisema, utasikia na kukaza mwendo.

Chuoni wiki ile tulikuwa tukisomeshwa twahara. Mwalimu alitueleza kwamba anayeswali hutakiwa awe safi, na nguo yake, na mahali pake, na kwamba mkojo ni najisi. Nilikwenda na jambo hilo mpaka nyumbani nikiwa na Mwanatumu, binti wa jirani, aliyekuwa amenitangulia juzuu kadhaa na hakukubali nisahau hilo.

"Kwenu mna mnyama ndani," akasema.

"Yumo tengani."

"Hatoki?"

"Anatoka kidogo."

"Siku atakayokanyaga msala wa nyanya yako, shauri yenu. Swala inayoswaliwa juu ya najisi haipandi. Inarudi chini kama jiwe."

"Na paka je? Kwenu kuna paka."

"Paka ana ruhusa," Mwanatumu akasema. "Sungura ana ruhusa? Hebu niambie, nani kampa?"

Tulitembea kidogo, kisha nikamwuliza, kwa sauti ambayo nilitaka ionekane ya kawaida, "Ikirudi chini, inamwangukia nani?"

Alifikiri. Nadhani hakuwa amejiuliza. "Yule aliyekuwa akiombewa," akasema.

Nyanya alikuwa na msala wa ukindu, wa zamani, uliokuwa na rangi ya majani makavu. Aliutandika chumbani mbele ya kitanda chake, na baada ya kila swala alikaa juu yake mikono imeinuliwa, akimtaja mama kwa jina lake na jina la aliyemzaa. Mimi nilikuwa nikisimama nje ya pazia kusikiliza. Baba alikuwa akileta habari za hospitali, lakini habari zake zilikuwa zilezile, yuko vilevile, ametusalimu. Nilichoamini kilikuwa ni sauti ya nyanya nyuma ya pazia. Kwa akili yangu, mama alikuwa amening'inia kwenye sauti ile kama ndoo kwenye kamba ya kisima.

Tangu siku ile ya Mwanatumu niliufunga mdomo wa tenga kwa kamba kila nilipoondoka. Nilifunga fundo nililofundishwa na baba, nikalivuta kuhakikisha. Na bado, nilipoingia siku moja kumtolea nyanya kanga yake, niliona juu ya msala, pale hasa paji la uso linapogusa, alama ndogo ndefu, nyekundu iliyofifia. Kando yake nyingine. Unyayo na unyayo.

Nyanya alikuwa amekwisha kuswali alasiri. Nilikuwa nimemsikia akiomba.

Nilipiga magoti nikazisugua kwa kiganja, kwa mate, kwa pindo la gauni langu. Zilitoka, ukindu ukabaki umelowa. Lakini ni swala ngapi zilikuwa zimepita juu yake? Nilikwenda kulitazama tenga. Kamba ilikuwa imefungwa. Sungura alikuwa ndani, ananitazama kwa macho yale mekundu, na fundo lilikuwa lilelile, ila sikuweza kuapa kwamba ni langu. Hapo nikaanza kumwogopa kweli. Nilidhani anatoka bila kufungua.

Jioni ile baba hakusema yuko vilevile. Alisema wamemhamisha kitanda, yuko karibu na mlango wa wauguzi, kisha akatazamana na nyanya na wote wawili wakatoka uani. Nilibaki na sahani ya wali mbele yangu. Nikajua imeshuka. Nikaiona, wallahi, swala ikishuka kutoka mbinguni kama jiwe, ikitafuta kitanda cha mama.

Baada ya siku hiyo nyanya alianza kuswali kwa namna nyingine. Alikuwa akimaliza, anatoka nje na msala, anarudi, anaanza tena. Adhuhuri iliingiliana na alasiri. Nilimsikia akisimama na kuinama, magoti yakilia, na kila rakaa iliyozidi niliihesabu kuwa habari mbaya. Mtu huomba hivyo, nilijiambia, pale tu ambapo mgonjwa anakwenda.

Nilichoweza kufanya nilikifanya. Nilichukua kipande cha leso kuukuu ya mama, nikashona vifuko vidogo, nikamvisha sungura miguuni na kuvifunga kwa uzi. Alisimama katikati ya ua hajui afanye nini, akainua mguu mmoja, akautikisa, akainua wa pili. Nyanya aliyekuwa akikuna nazi akamwona. Alicheka mpaka mbuzi ikayumba chini yake.

"Tobaa! Sungura kavaa soksi! Bwana mkubwa, unakwenda ofisini? Hata kofia umesahau!"

Sikucheka. Alinitazama, kicheko kikampungua, akaonekana kama anayetaka kuuliza kitu. Mimi nikainama, nikajifanya nakaza uzi. Kabla ya magharibi sungura alikuwa amevitafuna vyote.

Siku ninayotaka kuieleza, mwalimu wa chuo alikuwa na homa, tukaruhusiwa mapema. Nilipita uani. Tenga lilikuwa wazi, kamba imewekwa vizuri kando, imekunjwa. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba cha nyanya nikashika pazia.

Nyanya alikuwa ameketi juu ya msala, amenipa mgongo, ushungi umemteremka mabegani. Mapajani mwake alilala sungura, chali, kama alivyozoea kwangu. Nyanya alikuwa ameushika mguu wa nyuma, na kwa pindo la leso lililolowa alikuwa akiufuta unyayo, polepole, kidole kwa kidole. Huku akisema naye.

"Wengine wote nimewazika," alimwambia. "Nimebaki na huyu. Unanisikia? Huyu tu. Mwenzio naogopa. Nikilala naogopa, nikiamka naogopa. Na yule mtoto ananitazama kila saa, sijui niupeleke wapi uso wangu."

Sikuwa nimepata kufikiri kwamba nyanya huogopa. Nyanya alikuwa akiua nyoka kwa mchi. Nilihisi kama aliyesimama kwenye sakafu akaona sakafu inakwenda.

"Nyanya!" nikasema. "Msala!"

Alishtuka, akauvuta ushungi kichwani. "Umerudi saa hii? Kuna nini?"

"Anaukanyaga! Ana mkojo miguuni, ni najisi, mimi nimeuona, nimefunga kamba lakini anatoka, na swala zako hazipandi, zinarudi chini, zinamwangukia mama..." Nilikuwa sijapata kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja maishani mwangu. Yalitoka na kamasi na machozi.

"Nani kakwambia hayo?"

"Mwanatumu."

"Mwanatumu hata kamba ya suruali yake hajajua kufunga." Akamgeuza sungura, akamkalisha. "Mimi ndiye ninayemtoa. Mkishaondoka nyumba inakuwa kimya, nasikia kikohozi kisichokuwepo. Basi namfungulia, anakuja anakaa nami hapa. Ananichafulia msala. Naosha, nauanika, naswali upya. Unadhani kwa nini naswali sana siku hizi? Jana huyu bwana alinirudisha adhuhuri mpaka magoti yakaniambia basi. Uchafu ukiuona unauosha. Mwenyezi Mungu hakumwekea mama yako mtego wa sungura."

Nilijipangusa uso. Zile rakaa zote nilizozihesabu, kila moja nikaiona upya: mwanamke mzee, na ndoo, na msala uliolowa. Hofu moja ikanitoka. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, na hiyo haikutoka.

"Kwa hiyo mama atapona?" nikauliza.

Nyanya alikuwa na jibu la kila kitu. Nilimtazama mdomo wake, nikalingoja.

"Sijui, mke mwenzangu," akasema.

Mama alipona. Alirudi baada ya mvua nyingi, mwembamba, mgeni kwangu, na aliishi akaniozesha na kuwalea wanangu. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo, wala mimi, wala nyanya, wala madaktari kule ng'ambo, na ninapoikumbuka huikumbuka bila kulijua.

"Njoo ukae," nyanya akasema.

"Nina miguu michafu." Ilikuwa imejaa udongo mwekundu wa njia nzima ya chuo.

"Nimeona. Njoo."

Nilikanyaga ukindu nikaketi kando yake. Sungura aliruka kutoka mapajani, akasimama mbele yetu, akauinua mguu mmoja na kuanza kuulamba mwenyewe. Nyanya aliushika mkono wangu. Aliugeuza uso wake kwangu, na safari hii hakuuficha.